Nafasi Iliyo Wazi: Kwa Nini Waya ni wa Shaba na Damu ni ya Chuma



Umeme unaowasha taa za ukumbi huu umesafiri ndani ya shaba kabla ya kutufikia. Oksijeni mnayoivuta mkinisikiliza inabebwa na chuma kilichomo ndani ya damu, hadi kwenye ubongo unaofuatilia maneno yangu. Shaba na chuma ni wachukuzi wawili, na katika jedwali la elementi ni majirani: chuma ni namba 26, shaba ni namba 29, na katikati yao wamekaa kobalti na nikeli. Atomu zao hazipishani sana kwa uzito wala kwa upana. Hata hivyo, fundi mwenye shaba mkononi hatatandaza waya wa chuma ukutani, na mwili wako, ambao una shaba pia, haukuipa shaba kazi ya kupeleka oksijeni kwenye misuli.

Kwa nini kazi zimegawanyika hivyo? Jioni hii nitatetea jibu moja: kile kinachokifanya chuma kiwe mpitishaji duni wa umeme ndicho kinachokiwezesha kubeba oksijeni. Udhaifu wake na uwezo wake vina asili moja.

Nimeanzia hapo kwa sababu tumewazoesha vijana wetu kuzisoma metali za mpito kama orodha ya sifa: zina rangi, zina valensi zaidi ya moja, ni vichocheo, baadhi huvutwa na sumaku. Kijana anakariri, anajibu mtihani, anasahau. Mimi naona hiyo ni hasara kubwa, maana sifa hizo zote zina chanzo kimoja na chanzo hicho kinaeleweka bila hesabu ngumu.

Elektroni za atomu hujipanga kwa maganda. Ukifika kalsiamu, namba 20, ungetarajia kila elektroni mpya iendelee kuongezwa upande wa nje. Haiwi hivyo. Kuanzia skandi, namba 21, elektroni mpya hurudi ndani, kwenye ganda dogo linaloitwa d, lenye nafasi kumi, huku nje zikibaki elektroni moja au mbili za ganda linaloitwa s. Chuma kina elektroni sita katika d, kwa hiyo nafasi nne ziko wazi. Nikeli ina nane, imebakiza mbili. Shaba inavunja mpangilio: badala ya kuwa na tisa ndani na mbili nje, inazijaza nafasi zote kumi za d na kubakiza nje elektroni moja tu. Kwa maelezo ya shirikisho la kimataifa la wanakemia, IUPAC, metali ya mpito ni elementi ambayo atomu yake ina ganda la d lisilojaa, au inaweza kutoa ioni yenye ganda la namna hiyo. Shaba imeingia kwa sharti hilo la pili. Atomu yake imejaa, lakini ioni yake iliyopoteza elektroni mbili ina nafasi moja wazi. Naomba mlihifadhi jambo hilo, maana tutakutana nalo tena tukifika baharini.

Sasa tuje kwenye waya. Katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi, ukichukua vipande vyenye urefu na unene uleule, chuma hukinza umeme karibu mara sita kuliko shaba. Nikeli huukinza kiasi cha mara nne, titani mara 25 hivi, na manganisi zaidi ya mara 80. Fedha peke yake ndiyo inayoishinda shaba, tena kwa tofauti ndogo isiyofikia sehemu kumi katika mia. Angalieni jinsi hali ilivyo ya kushangaza. Mwaka 1900 Mjerumani Paul Drude alieleza kuwa metali hupitisha umeme kwa sababu ina elektroni zilizo huru kutembea. Basi manganisi, ambayo atomu yake ina elektroni nyingi nje ya kiini kilichotulia kuliko ile moja ya shaba, ingetakiwa kuwa mbele. Imekuwa nyuma kabisa.

Aliyelifungua fumbo hilo ni Mwingereza Nevill Mott, akiwa Bristol, katika makala alizochapisha katikati ya miaka ya 1930. Alionyesha kuwa elektroni zinazosafiri kwa kasi ndani ya metali hizi ni zile za ganda la s. Za d nazo hutembea, ila kwa uzito, zikishikamana zaidi na atomu zao. Mtu anayepita kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe huku mabaraza ya pande zote mbili yana nafasi tupu huitwa kila hatua: karibu, keti kidogo. Mabaraza yakiwa yamejaa, anasalimu na kupita moja kwa moja. Ndivyo ilivyo kwa elektroni. Ndani ya nikeli au chuma, elektroni ya s inayopigwa na mtetemo wa atomu inaweza kutumbukia katika nafasi tupu ya d, na ikishaingia humo imepoteza mwendo wake. Ndani ya shaba nafasi za d zimejaa, hakuna pa kutumbukia. Elektroni moja ile ya nje, ya kila atomu, inakwenda zake. Katika joto la kawaida elektroni hiyo hupita umbali wa atomu 150 hivi kabla ya kugongwa na kupotoshwa njia.

Na pale umeme unapopita vizuri, joto pia hupita vizuri, maana elektroni zilezile ndizo zinazobeba vyote viwili. Gustav Wiedemann na Rudolph Franz waliuona uhusiano huo tangu 1853, kabla elektroni yenyewe haijajulikana. Shaba hupitisha joto takriban mara tano ya chuma. Aidha, ukinzani si kasoro nyakati zote: waya unaowaka ndani ya pasi ya umeme ni mchanganyiko wa nikeli na kromi, metali mbili zenye nafasi tupu, zilizochanganywa ili njia ya elektroni iwe na vikwazo vya kutosha kutoa joto.

Kinachonivutia zaidi ni yale yanayotokea chuma kidogo mno kinapopotea ndani ya shaba. Metali yoyote safi ukiipoza, ukinzani wake hupungua, kwa sababu atomu hutulia. Katika miaka ya 1930 watafiti waliona sampuli za metali bora zikipungua ukinzani kama kawaida, kisha, zilipokaribia ubaridi wa mwisho kabisa, ukinzani ukaanza kupanda tena. Jambo hilo lilisumbua vichwa kwa miaka 30. Mwaka 1964 Mjapani Jun Kondo alieleza kuwa mkosaji ni atomu chache za metali kama chuma zilizobaki ndani yake. Atomu ya chuma, kwa kuwa na ganda la d lisilojaa, ni sumaku ndogo, na kadiri baridi inavyozidi ndivyo kila elektroni inayopita inavyozidi kutatizwa na sumaku hiyo. Hata katika joto la kawaida chuma kidogo kilichoyeyuka ndani ya shaba huharibu waya kwa kiasi kikubwa kuliko mtu anavyoweza kudhani kwa wingi wake. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha nyaya hanunui shaba tu. Ananunua usafi.

Usafi huo unatengenezwa wapi? Sehemu kubwa ya shaba inayopita kwenye barabara zetu hutoka Katanga, eneo la kusini mwa Kongo ambalo wenyeji wake wameifua shaba kwa zaidi ya miaka 1,000 na wakaisubu katika umbo la misalaba iliyotumika kama fedha. Katika karne ya 19 Msiri, mtu mwenye asili ya upande wa Tabora, alijenga ufalme wake huko, na shaba ikawa miongoni mwa bidhaa zilizofuata njia za misafara kuja pwani. Kiswahili nacho kikapanda njia hizohizo kwenda bara. Wabelgiji walianzisha kampuni ya Union Minière mwaka 1906, na tanuri la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo lenyewe liliitwa Shaba. Leo malori yanavuka Kasumbalesa, yanaipita Zambia, yanaingia Tunduma na kuteremka hadi bandari ya Dar es Salaam, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kwanza kabisa kwa ajili ya shaba ya Zambia.

Wengi wameyaona mabamba yale mekundu yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma juu ya matela. Wachache wanajua kuwa bamba lile limekuzwa, atomu moja baada ya nyingine, kwa umeme. Mawe ya kijani ya Katanga, yenye malakiti, husagwa na kulowekwa katika asidi ya salfuriki. Shaba inaingia katika maji ikiwa ioni iliyopoteza elektroni mbili, na maji yanageuka bluu. Rangi hiyo ni nafasi moja iliyo wazi katika d: mwanga mwekundu unaliwa kuipandisha elektroni kuingia humo, na macho yetu yanapokea kilichobaki. Kisha mmumunyo husafishwa na kutiwa katika mabirika yenye mabamba, mkondo wa umeme ukapitishwa, na kila ioni ya shaba ikarudishiwa elektroni zake mbili juu ya bamba. Kinachokua pale ni shaba yenye usafi wa asilimia 99.99. Ganda la d limejaa tena, rangi ya bluu imekwisha, na metali iko tayari kubeba umeme wa wengine. Naona fahari katika kazi hiyo, na ninasikitika kuwa sehemu kubwa mno ya mabamba hayo inavutwa kuwa waya katika nchi za mbali ndipo irudi kwetu ikiwa na bei nyingine.

Tuiache shaba kwa muda, tuingie katika damu.

Lita moja ya maji ya damu, bila chembe nyekundu, hubeba mililita tatu tu za oksijeni. Lita moja ya damu kamili hubeba takriban mililita 200. Tofauti yote hiyo ni kazi ya hemoglobini, na kazi ya hemoglobini inafanyika kwenye atomu nne za chuma, kila moja ikiwa imekaa katikati ya pete bapa ya kaboni na nitrojeni inayoitwa himu. Mtu mzima ana gramu tatu hadi nne tu za chuma katika mwili wake wote, uzito usiozidi wa msumari. Sehemu iliyo kubwa zaidi ya hizo iko humo.

Fikirieni ugumu wa kazi yenyewe. Chuma kikiachwa na oksijeni na unyevu hushika kutu, na kutu hairudi nyuma. Elektroni imechukuliwa moja kwa moja. Mwili unataka jambo la aina nyingine: chuma kiishike oksijeni mapafuni kwa nguvu ya kutosha isidondoke njiani, kisha kiiachie kwenye misuli bila kudai kitu. Kushika na kuachia, tena na tena, kwa siku 120 hivi ambazo chembe nyekundu huishi. Metali kama sodiamu au magnesi haiwezi. Ikishatoa elektroni zake imemaliza, ganda lake limefungwa. Chuma kilichopoteza elektroni mbili bado kina elektroni sita za d na nafasi nne za kuchezea, kwa hiyo kinaweza kumkopesha oksijeni elektroni na kurudishiwa. Protini inayokizunguka, kwa upande wake, hukificha katika mfuko mkavu ili maji yasije yakageuza mkopo huo kuwa kutu.

Mwaka 1936, siku zilezile za makala za Mott, Linus Pauling na Charles Coryell huko California waliipima damu kwa sumaku. Damu isiyo na oksijeni ilivutwa kidogo na sumaku. Yenye oksijeni haikuvutwa. Maana yake ni kwamba oksijeni inapoingia, elektroni sita za chuma, ambazo nne kati yake zilikuwa zimekaa peke yake, zinajipanga upya na kukaa mbilimbili. Ioni inapungua upana. Kabla ya hapo ilikuwa imetokeza nje ya pete kwa kiasi cha sehemu nne za mia za nanomita. Sasa inatosha, inazama katikati ya pete, na inapozama inavuta protini iliyoshikamana nayo. Max Perutz, aliyeitumikia molekuli hii kwa zaidi ya miaka 20 huko Cambridge na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1962 pamoja na John Kendrew, alionyesha jinsi mvuto huo mdogo unavyosambaa hadi kwa chuma cha pili, cha tatu na cha nne, ili viipokee oksijeni kwa urahisi zaidi. Cha kwanza kikipata, wenzake hufunguka. Kikiachia, nao huachia. Bila mpango huo mapafu yangejaza damu vizuri lakini misuli isingepata kitu cha maana kutoka kwake.

Sijui jambo katika kemia yote linalonigusa kama hilo. Mwendo wa atomu moja, mdogo kuliko upana wa atomu yenyewe, ndio unaotuwezesha kupanda ngazi.

Lakini nafasi iliyo wazi haichagui mgeni. Monoksidi ya kaboni, moshi usioonekana wala kunusika unaotoka kwenye jiko la mkaa, huishika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Sababu yake iko palepale kwenye d: chuma hupokea elektroni kutoka kwa kaboni, na wakati huohuo elektroni zake za d huingia katika nafasi tupu za ile molekuli. Kifungo kinakuwa cha pande mbili, na hakiachii kirahisi. Kila msimu wa baridi, nyanda za juu, tunasikia familia iliyoingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Walalaji hawaamki, kwa kuwa mwili hautoi onyo la kukosa pumzi kama unapokabwa. Ningependa kila mwalimu wa kidato cha tatu aliyesimama kufundisha metali za mpito alifundishe hili kwanza, kabla ya rangi za permanganeti.

Kifungo hichohicho kimetajirisha viwanda. Ludwig Mond, Mjerumani aliyehamia Uingereza, aligundua pamoja na wasaidizi wake mwaka 1890 kuwa monoksidi ya kaboni ikipita juu ya nikeli katika joto la nyuzi 50 hivi, metali ngumu ile inageuka kuwa mvuke. Atomu moja ya nikeli huchukuliwa na molekuli nne za monoksidi, husafiri hewani, na ikifika penye joto la nyuzi 200 na zaidi huachwa peke yake ikiwa safi, huku gesi ikirudi kuchukua nyingine. Mvuke huo ni sumu kali mno. Kuna mpango unaofanana na huo wa Mond ndani ya taa za halojeni za magari: wolframu inayovukizwa kutoka kwenye uzi wa taa hushikwa na halojeni, ambayo huirudisha kwenye uzi badala ya kuiacha iweke weusi kwenye kioo. Hata metali yenyewe, basi, inaweza kuwa mzigo.

Sasa niwapeleke baharini kama nilivyoahidi. Mvuvi wa pweza akimpasua pweza wake akiwa bado hai hatakuta damu nyekundu. Damu ya pweza, kama ya kaa na kamba, haina hemoglobini. Ina hemosiyanini, na mahali pa chuma pana atomu mbili za shaba. Damu hiyo haina rangi inapokosa oksijeni na huwa bluu ikiipata. Mnaweza sasa kueleza wenyewe. Shaba ya pweza asiye na oksijeni imepoteza elektroni moja tu, ile ya nje, na ganda lake la d limejaa kumi: hakuna nafasi, hakuna rangi. Oksijeni inapofika, kila atomu ya shaba inatoa elektroni moja zaidi, nafasi moja inafunguka katika d, na bluu inatokea ndani ya mishipa ya mnyama. Shaba imeacha tabia ya waya na kuchukua tabia ya chuma. Hemosiyanini huelea tu katika maji ya damu na hubeba oksijeni kidogo kuliko damu yetu. Pweza hufidia kwa njia nyingine, ikiwemo kuwa na mioyo mitatu, miwili ikisukuma damu kwenye matamvua na mmoja mwilini.

Wala si pweza tu mwenye kuitumia shaba hivyo. Oksijeni ikishafikishwa kwenye chembe hai za mwili wako, hupokewa na kimeng'enya kiitwacho sitokromu oksidasi. Humo chuma na shaba vimewekwa bega kwa bega. Elektroni zilizotolewa na chakula hurushwa kutoka metali moja hadi nyingine, na mwisho wa safari elektroni nne huunganishwa na molekuli moja ya oksijeni, pamoja na hidrojeni, kutoa maji. Rudolph Marcus alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1992 kwa kueleza jinsi elektroni inavyoruka kutoka kwa mmoja hadi mwingine bila wawili hao kugusana. Ni umeme, tena umeme ndani ya nyama, bila waya.

Muhogo mchungu unakumbusha udhaifu wa mfumo huo. Usipolowekwa na kukaushwa ipasavyo hutoa sianidi, na sianidi hukimbilia nafasi wazi ya chuma kilichomo katika kimeng'enya hiki na kuiziba. Oksijeni imefika, damu ni nyekundu, lakini hakuna wa kuipokea. Bibi zetu waliolowesha muhogo kwa siku kadhaa waliutenda ulinzi huo vizazi vingi kabla kimeng'enya hakijapewa jina. Hospitalini dawa mojawapo ya sumu hiyo ni aina ya vitamini B12, molekuli ambayo Dorothy Hodgkin aliufichua muundo wake katika miaka ya 1950 na kutunukiwa Nobel mwaka 1964. Katikati yake mna atomu ya kobalti, nayo huishika sianidi kwa nguvu zaidi kuliko kile chuma, ikaitoa mwilini kwa njia ya mkojo.

Kobalti hiyo ndiyo inayoturudisha Katanga. Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, sehemu kubwa ikiwa kandokando ya Kolwezi, katika mawe yaleyale yenye shaba. Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kuwa oksidi ya kobalti iliyopangwa kwa tabaka inaweza kuhifadhi lithiamu katikati ya tabaka zake. Sony waliiuza betri ya aina hiyo kuanzia 1991, na Nobel ikaja 2019, kwa Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Unapochaji simu, ioni za lithiamu hutoka katika tabaka kwenda upande wa pili, na kwa kila moja inayotoka, atomu moja ya kobalti huachia elektroni moja ya d, ambayo hupita kwenye waya. Unapoitumia simu, mambo hurudi. Wachukuzi ni wawili, ioni ndani na elektroni nje, na kobalti ndiyo inayoweka hesabu kati yao, ikifungua nafasi moja katika d na kuijaza, mamia ya mara, bila muundo wake kubomoka.

Wanaoichimba kwa mikono, wanaojiita *creuseurs* kwa Kifaransa cha huko, huteremka kwenye mashimo yasiyo na nguzo, na watoto wameonekana wakiokota na kuosha mawe pembeni yao. Siwezi kuieleza kemia ya kobalti kwa furaha niliyo nayo na kulinyamazia hilo. Wengine husema dawa ni kuiacha kobalti kabisa, na kemia imewapa njia: mwaka 1997 Goodenough huyohuyo, akiwa Texas, na wenzake walitangaza betri inayotumia fosfati ya chuma. Chuma ni tele na cha bei nafuu, na betri hizo sasa ziko ndani ya magari, bajaji za umeme na hifadhi za umeme wa jua.

Lakini tazameni kilichotokea maabara. Fosfati ya chuma ilipopimwa mara ya kwanza ilikuwa nzito kupitisha umeme kupita kiasi, karibu iitwe kihami. Katika fosfati kila atomu ya chuma imetengwa na mwenzake, na elektroni ya d inayotaka kuhama imekosa njia ya wazi. Inabidi iruke, na kila kuruka kuna gharama. Waliotatua jambo hilo walisaga fosfati hadi chembe zake zikawa ndogo za kiwango cha nanomita, kisha wakazivika utando mwembamba wa kaboni, ili elektroni ikitoka tu kwenye chuma ikute barabara iliyo karibu. Volti yake bado iko chini ya ile ya kobalti, takriban 3.4 dhidi ya 3.9, na hiyo ina maana ya betri nzito zaidi kwa kazi ileile.

Kwa hiyo familia ya Kolwezi inayoishi kwa mawe yale, na dereva anayeyasafirisha hadi Tunduma, wanategemea jambo linalopimwa hivi sasa katika maabara za China, Korea na Ulaya: ni mbinu zipi za kukiwezesha chuma kuachia elektroni yake upesi kama kobalti. Vipimo hivyo havihitaji mitambo isiyopatikana kwetu. Kifaa cha kupima ukinzani, tanuri, mizani nzuri na tungi ya gesi ya nitrojeni vinatosha kuanzia, na sehemu kubwa ya malighafi, chuma, fosfati ya Minjingu, manganisi, nikeli ya Kabanga kule Ngara, iko chini ya ardhi yetu. Wanafunzi mlioko mbele yangu ambao mwaka huu mnachagua mada za utafiti, njooni tuzungumze baada ya hapa. Tunaweza kuanza na kuoka fosfati ya chuma pamoja na sukari, ambayo ikiungua ndani ya nitrojeni huacha ule utando wa kaboni, kisha tukaupima ukinzani kabla na baada.